Nguzo ya Kitanda cha Nyakio

Habari hii niliipata kwa Naftaly Kabiru mwenyewe, mwaka jana wakati wa kuvuna viazi, siku aliponiletea mchi aliokuwa amenikerezea. Nilimpa kiti akakikataa, akaketi juu ya gunia, na chai ikampoa mkononi akisimulia. Mimi nimeipanga tu, kama mtu anavyopanga kuni, nene chini na nyembamba juu.

Naftaly ni fundi wa mbao pale Elburgon. Karakana yake iko nyuma ya nyumba ya mama yake, Nyakio, na humo ana mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti huku fundi akiuchonga kwa patasi mpaka uwe mviringo. Mti hulazwa katikati ya vichwa viwili vya chuma. Kichwa cha mbele huzungushwa na mota. Kichwa cha nyuma hakizunguki. Hicho kazi yake ni kuubana mti kwa ncha yake usichomoke. Unakisogeza juu ya reli mbili mpaka kiuguse mti, kisha unakikaza kwa mkono wa chuma, nacho kinatulia hapo.

Siku hiyo hakikutulia.

Ilikuwa asubuhi, ukungu wa kutoka msitu wa Mau bado umekalia mabati. Naftaly alikuwa amelaza mti wa mutamaiyu, mgumu kama jiwe, kipande kilichobaki cha mti ambao marehemu baba yake alitengenezea kitanda cha ndoa. Hakukuwa na kingine. Siku hizi ukionekana na mutamaiyu mbichi mlangoni, askari wa msitu atakuwa mgeni wako. Akawasha mota, akaegemeza patasi, maranda yakaanza kuruka. Kidogo mti ukaanza kutetemeka, ta-ta-ta-ta, na kabla hajafikia swichi kichwa cha nyuma kikarudi nyuma kama mtu aliyesukumwa kifuani. Mti ukachomoka. Ukapita karibu na sikio lake, ukagonga ukuta, kalenda ikaanguka.

Naftaly alisimama akishika sikio. Lilikuwepo. Akaokota mti haraka kama mtu anayeokota mtoto, akaupapasa kila upande. Haukuwa umepasuka.

Sasa, kwa nini aliogopea mti kuliko sikio? Nyakio alikuwa ameanguka chumbani mwake, akaumia nyonga. Alipoanguka alikutwa amelala chini, ameikumbatia nguzo ya kitanda iliyovunjika. Nguzo hiyo ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza, ya marehemu mumewe, iliozwa na mvua mabati yalipovuja, na Naftaly akaweka nyingine ya saiprasi, mti laini wa haraka haraka. Kwa hiyo kila mtu alisema mama ameangushwa na nguzo ya Naftaly. Kaka yake mkubwa, Kihara, mwenye duka la vipuri Nakuru, alilisema mbele ya madaktari.

Leo mama alikuwa anatoka hospitali. Na Kihara alikuwa ametoa neno lake: atamleta Elburgon achukue nguo zake, na kama hataweza kuinuka kitandani peke yake, atarudi naye Nakuru, kwenye nyumba yake ya ghorofani, na huko ndiko atakakokaa. Nyakio alikuwa amempigia Naftaly kwa simu ya muuguzi, akanong'ona kama msichana anayejificha.

"Naftaly. Huko kwa Kihara hakuna hata mahali pa kutupa maji. Usikubali nipelekwe."

"Sitakubali, mami."

"Nitengenezee tu mahali pa kushika."

Kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoamka miaka yote: mkono wa kulia juu ya kile kichwa cha nguzo, duara kama chungwa, anajivuta, anasimama. Vidole vyake vina baridi yabisi, haviwezi kushika ubao wa kona nne. Ndiyo maana Naftaly hakutaka kupigilia tu kipande cha ubao.

Basi akaurudisha mti kwenye mashine. Akakaza mkono wa kichwa cha nyuma kwa uzito wake wote. Akawasha. Ta-ta-ta. Akazima mapema. Kichwa kilikuwa kimerudi nyuma tena, upana wa kidole.

"Umeanza kupigana na chuma mapema hivi?" mtu akauliza mlangoni. Alikuwa Kipkemoi, ndugu ya mke wake, mpasua mbao, na msumeno wake wa petroli begani.

"Shemeji, ingia au toka, usinizibie mwanga."

"Nimesikia mlio nikafikiri umechinja mbuzi bila kuniambia." Akaweka msumeno chini, akachungulia. "Hiki kichwa kimezeeka. Kama wewe tu."

"Kimekuwa kikishika miaka yote."

"Hata wewe ulikuwa na nywele miaka yote."

Naftaly hakucheka. Alifungua nati ya chini, akatoa lile bamba la chuma linalobana reli kwa chini, akalitazama. Alidhani limelika. Halikuwa limelika. Akaligeuza upande mwingine, akalirudisha, akavika bomba kwenye mkono wa kukazia ili upate nguvu zaidi. Bolti ikalia.

"Utaikata," Kipkemoi akasema.

"Nyamaza."

Simu ikatetemeka mfukoni. Kihara.

"Tumetoka hospitali. Mami yuko sawa, amekalia mto. Ume-fix hiyo kitu?"

"Niko nayo."

"Kuwa nayo si kumaliza, boss. Mimi sitaki kubishana mbele yake. Kama haiko tayari, tunachukua nguo tunageuza."

"Nimesema niko nayo."

Kwa mbali akasikia sauti ya mama yake: "Mwambie asiharakishe mkono." Simu ikakatika.

Kipkemoi alimwonea huruma, na huruma ya Kipkemoi daima ina nguvu nyingi na fikira chache. Akaokota gogo la kuni. "Washa. Mimi nitakisukuma hiki kichwa kwa hii kuni. Hakitatoka mahali."

Naftaly alijua ni vibaya. Alijua, lakini alifikiria ghorofa ya Kihara. Akawasha. Mti ukazunguka, Kipkemoi akasukuma kwa tumbo, meno nje, na kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri. Maranda marefu yakatoka, mekundu, yenye harufu ile kali ya mutamaiyu. Kisha buti la Kipkemoi likateleza juu ya maranda. Gogo likapotoka, kichwa kikarudi, mti ukaruka juu kama samaki, ukapiga boriti na kushuka pale pale Kipkemoi alipokuwa amesimama. Bahati yake alikuwa ameshaanguka chini.

Mota peke yake ilibaki ikivuma. Naftaly akaizima.

"Shemeji, uko?"

"Niko," Kipkemoi akasema kutoka chini ya benchi. "Dada yangu angekuja kuniokota kwa ufagio."

Kwenye mti kulikuwa na kovu sasa, karibu na ncha moja. Naftaly alilipima kwa dole gumba. Kovu lilikuwa mahali ambapo pangechongwa na kuondoka. Lakini lingine kama hilo, mahali pabaya, basi.

Jemutai, mke wake, alikuwa amesikia kishindo, akaja na birika la chai. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Tangu mama mkwe alazwe, Jemutai hakuwa ametulia. Alikuwa amefua mapazia, amepaka jikoni chokaa, na asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti chumbani mwa Nyakio na kopo la polishi nyekundu ya sakafu, akisugua saruji mpaka ukitazama unaona kidevu chako. Alilelewa hivyo kwao Molo: mgonjwa akirudi, nyumba imlaki iking'aa.

"Baba Abby, mnaua nani huku?" Abby ni binti yao, yuko shule ya bweni.

"Bado hatujaua. Rudi ndani, ni hatari."

"Kunyweni chai basi. Na msichafue, nimefagia huku pia jana." Akawaachia birika, akarudi kwa sakafu yake.

Naftaly alisimama akinywa chai bila kuionja. Kisha akapata wazo. Kama kichwa hakishiki, akiwekee kizuizi. Akachukua kipande cha ubao, akakilaza juu ya reli nyuma ya kichwa, akakibana kwa klampu kubwa aliyoiazima kiwanda cha mbao. Klampu ile hubana mbao za paa. Haijawahi kumwaibisha mtu. Akaikaza mpaka ubao ukalia.

Akasogea kando, akamfukuza Kipkemoi mpaka mlangoni, akawasha mashine bila hata kushika patasi. Wakatazama.

Kichwa kikaanza kurudi polepole. Kikausukuma ubao. Na ubao, pamoja na klampu yake, ukateleza juu ya reli bila ubishi, kama mtu mnene kwenye matope.

Naftaly akazima. Kichwa kinaweza kuzeeka. Bolti inaweza kulegea. Lakini ubao na klampu ni vigeni, na navyo vimeteleza mahali pale pale. Basi ugonjwa hauko kwenye kichwa.

Akainama. Zile reli zilikuwa na wekundu wekundu. Asubuhi aliuona akadhani ni kutu, maana unyevu wa Elburgon unashikisha chuma kutu ukienda kanisani tu, na yeye alikuwa ameshinda njia ya hospitali siku nyingi bila kugusa mashine. Akapitisha kidole. Kutu hukwaruza. Hii haikukwaruza. Kidole kilikwenda laini mpaka mwisho wa reli. Akakinusa.

Ilikuwa harufu ya chumba cha mama yake.

"Ni nini?" Kipkemoi akauliza.

Naftaly alitoka, akapita uani, akaingia ndani ya nyumba. Mlangoni mwa chumba cha mama yake alisimama. Jemutai alikuwa amepiga magoti, akimalizia kona ya mwisho, pale karibu na kitanda, pale pale Nyakio alipokutwa amelala. Sakafu ilimeta kama maji.

"Usiingie na viatu!" Jemutai akasema.

"Mama Abby. Ulipaka mashine yangu polishi?"

"Zile chuma mbili? Ndiyo. Ulikuwa unalalamika kutu. Nikaona polishi imebaki, nikazipitisha. Zimekaa vizuri, si ndiyo?" Akatabasamu, kisha akaona uso wake. "Nimeharibu?"

"Kichwa hakishiki. Kinateleza."

"Uii. Pole sana. Sikujua, si ni chuma tu..." Akasimama kwa haraka kuja kwake, akiwa na soksi miguuni. Mguu wake wa kushoto ukatangulia kuliko alivyotaka. Akayumba, akashika kitanda, akabaki ameinama hivyo, mkono kwenye ubao wa kitanda, pale ambapo nguzo ilikuwa haipo.

Jemutai alitazama sakafu, akatazama mkono wake, akatazama sakafu tena. Naftaly aliona jambo likimfikia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa.

"Siku ile," Jemutai akasema. "Siku ile nilikuwa nimepaka asubuhi."

"Jemutai."

"Nilipaka asubuhi, na mami alikuwa na soksi kwa sababu ya baridi. Baba Abby, si nguzo yako. Aliteleza ndio akaishika. Ni mimi. Na nimepaka tena! Leo! Angeingia hapa na ile fimbo..."

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Kihara: wamepita Njoro.

Naftaly alikuwa na mengi ya kusema. Kwa majuma alikuwa amebeba lawama ile kama gunia la maji, kanisani, sokoni, kila mahali. Lakini alimwona mke wake amesimama na mikono yake myekundu, na gari liko njiani.

"Tutalia baadaye," akasema. "Sasa hivi chemsha maji. Weka sabuni ya unga na mafuta ya taa, sugua mpaka saruji ilie. Kisha tandaza magunia."

"Kihara nitamwambia mwenyewe."

"Sugua kwanza."

Akarudi mbio. "Shemeji, petroli!" Kipkemoi akafungua tangi la msumeno bila kuuliza. Wakalowesha matambara, wakafuta reli, juu, ubavuni, na chini yake kwa kuwa bamba lile la chini lilikuwa limejipaka pia. Matambara yakatoka mekundu kama ya mchinjaji. Wakafuta tena mpaka yakatoka meusi, kisha meupe. Wakayatupa matambara mbali uani, wakafungua mlango na dirisha harufu itoke. Naftaly akachukua jivu baridi la jikoni, akalinyunyiza juu ya chuma linyonye kilichobaki, akalipangusa. Akapitisha kidole. Kilikwaruza.

Akakisogeza kichwa mpaka ncha ikaingia kwenye mti. Akakaza kwa mkono tu, bila bomba. Kikasema kok.

"Hiyo sauti ndiyo yake," akasema.

"Washa basi."

"Nenda mlangoni."

"Niko mlangoni tangu niokoke."

Mota ikavuma. Mti ukazunguka ukawa kivuli. Naftaly akaegemeza patasi, pumzi ameishika. Hakukuwa na ta-ta-ta. Kulikuwa na ssss tu, mrefu, na maranda yakamiminika juu ya viatu vyake. Akashusha shingo ya nguzo, akaja kwenye kile kichwa cha duara. Hapo ndipo pagumu, maana patasi ikiuma vibaya kwenye mkunjo, mti unapasuka, na hakuna mwingine. Alisikia lango likifunguliwa. Alisikia honi. Hakugeuka. Maneno ya mama yake yalikuwa sikioni, asiharakishe mkono, naye hakuharakisha. Alizungusha patasi kama anayemenya yai. Akapiga msasa. Akazima.

Duara lilijaa kiganjani.

Kihara aliingia uani akiwa amemshika mama yao mkono, koti lake safi limeshika matope. Nyakio alikuwa amepungua, lakini shingo yake ilikuwa vile vile, iliyonyooka. Walipofika chumbani Naftaly alikuwa chini ya kitanda na nyundo ya mbao, akigongea kabari ya mwisho. Jemutai alisimama ukutani, magunia yametandazwa, saruji chini yake imefubaa na bado ina umajimaji pembeni.

"Mmechelewa kumaliza," Kihara akasema.

"Tumemaliza," Naftaly akasema, akatoka chini.

"Hata ile nyingine ulisema umemaliza."

Nyakio hakuwasikiliza. Aliketi kitandani, akavua viatu, akaweka mguu chini. Akalisukuma gunia kando kwa kidole cha mguu, akaigusa saruji. Akaipapasa kwa unyayo, mbele na nyuma. Kisha akainua macho, akamtazama Jemutai.

Jemutai akashindwa kuvumilia. "Kihara, si nguzo ilimwangusha mami. Ni polishi yangu. Mimi ndiye..."

"Nani amekuuliza?" Nyakio akasema.

"Mami, lazima niseme."

"Mimi nilianguka, na mimi sijasema. Wewe unasemea nani?"

Kihara akageuka. "Mami, ulijua?"

"Kwani nilikuwa nimelala nikianguka? Miguu ilinitoka kama ya ndama. Nikashika nguzo, nguzo nayo ikanifuata." Akaivuta shali. "Ningesema ni polishi, huyu msichana angeogopa hata kuosha kikombe changu. Nikaona heri ilaumiwe mbao. Mbao hainuni."

"Na mimi, mami?" Naftaly akauliza.

"Wewe uliniwekea saiprasi kwa kitanda cha baba yako. Kidogo ulistahili."

Nje ya dirisha Kipkemoi alicheka, akajifanya anakohoa. Hata Kihara mdomo ulimcheza. Lakini hakuachilia.

"Sawa. Polishi, mbao, sijali. Mami, inuka tuone. Hakuna mtu kumshika."

Naftaly aliirudisha mikono yake mgongoni ili isije ikajipeleka yenyewe. Nyakio akaweka mkono wa kulia juu ya duara. Vidole vilivyopinda vikalizunguka, kimoja kimoja, vikapata mahali pake. Akajivuta. Nyonga ikakataa, uso ukakunjamana, na Jemutai akafumba macho. Kitanda kililia. Nguzo haikulia. Nyakio akakaa hewani, si chini si juu, kwa muda ambao Naftaly anasema bado anauona. Kisha goti likanyooka, na mama akawa amesimama, akihema, mkono juu ya mutamaiyu.

"Haya," akasema. "Nani amepika?"

Kihara alijikuna kidevu. "Mara moja si kila mara. Nitalala hapa leo. Akiinuka tena mwenyewe bila kuitwa mtu, kesho narudi Nakuru peke yangu."

Walikula mukimo mapema, mvua ikianza. Kipkemoi akaenda kwake na kipande cha nyama mfukoni, zawadi ya kuokoka. Nyakio akalazwa. Kihara akajitupa kwenye kiti kirefu cha sebuleni na koti lake kama blanketi, akijifanya amelala, na Naftaly na Jemutai chumbani mwao wakijifanya vivyo hivyo. Nyumba nzima ilikuwa imetega sikio.

Muda si mrefu kitanda cha Nyakio kikalia. Kimya. Kikalia tena. Jemutai akamshika Naftaly mkono, kucha zikaingia. Kisha wakasikia nyayo juu ya magunia, krashi, krashi, na fimbo, na mlango wa choo. Kiti kirefu kikalia kidogo, Kihara alikuwa ameinua kichwa. Nyayo zikarudi. Kitanda kikapokea uzito.

"Mmesikia wote?" Nyakio akaita gizani. "Sasa laleni."

Kihara alianza kukoroma kabla ya kumjibu. Mkono wa Jemutai ulilegea ndani ya mkono wa Naftaly, ukawa mzito. Naftaly alibaki akisikiliza kupitia ukuta wa mbao, mpaka pumzi ya mama yake ikawa ndefu, ya sawasawa, na mvua ikaifunika. Ndipo naye akalala.